Waya wa Vichwa Vinne Uliokutwa Chumba cha Takwimu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limeandikwa katika jalada, ukurasa wa kwanza
Jinsia: Mwanamke
Umri: Miaka 41
Kazi: Mtafiti wa maji ya visima
Elimu: Chuo kikuu, shahada ya uzamivu
Makazi: Ghorofa ya pili, jengo lililo nyuma ya karakana ya magari. Ninaishi na mdogo wangu wa kike
Yameanza kuandikwa: Alhamisi, tarehe 11, saa tatu na dakika kumi asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu nimefika kituoni kwa hiari yangu, bila kuitwa. Nimeelezwa kwamba nikisema jambo ninalojua kuwa si la kweli ninaweza kushtakiwa, na nimeelewa. Ugumu wangu upo katika mambo ambayo sijui kama ni ya kweli au la. Nimeomba hayo nayo yaandikwe.

Nimekuja kwa ajili ya mtunza stoo wetu, ambaye ofisini tunamwita Bwana Kufuli kwa sababu hufunga kila kitu, hata kabati la sukari. Ana umri wa miaka hamsini na minane na ameshika funguo za jengo letu kwa miaka ishirini na miwili. Anashikiliwa hapa tangu jana asubuhi kwa tuhuma ya kuiba kishikwambi cha kitengo chetu, chenye mahojiano ya kaya mia mbili na kumi na sita. Ninaamini anashikiliwa kwa sababu ya neno langu.

Ili nieleweke, inanibidi nianze na waya.

Katika safari yetu iliyopita ya kukusanya takwimu nilibeba nyaya tano za chaja, zimesokotana mkobani kama mizizi, na hakuna hata mmoja ulioingia kwenye kishikwambi. Siku ya tatu kilizimika, tukarudi mikono mitupu. Nikaazimia kwamba safari ijayo, ambayo ni Jumamosi tarehe 13, nitabeba waya mmoja tu: mfupi, usiojaza mkoba, wenye vichwa vya kutosha simu yangu, kishikwambi, tochi na kipima maji. Niliutafuta kwa wiki tatu. Niliandika sifa kumi na moja katika karatasi na kila waya nikaupa alama. Ninalieleza hili kwa aibu kiasi, lakini naona linahusika.

Mnamo tarehe 3, Jumatano, saa kumi na dakika ishirini jioni, nilifika kwa mara ya nne kwenye kibanda cha fundi simu kilicho mkabala na ofisi ya posta.

“Leo tena?” alisema fundi. “Dada yangu, kuna watu wamechumbia na kuoa, wewe bado unachagua waya.”

Alinitandikia nyaya nne. Wa kwanza ulijikunja wenyewe ndani ya kidude cha duara, kama futi ya fundi seremala, lakini alikiri kwamba springi yake huchoka mapema. Wa pili vichwa vyake vilishikwa kwa sumaku na vilibanduka. Nilikidondosha kimoja palepale, tukakitafuta chini ya meza. Wa tatu ulikuwa mrefu mno. Wa nne ulikuwa wa rangi ya machungwa, urefu wa shubiri moja, vichwa vinne vimeungwa humohumo, na ukiukunja unaenea kiganjani.

“Unapitisha chaji tu, au na mafaili pia?” niliuliza.

“Unapitisha vyote. Ukiwa na siri, nayo inapita.” Kisha akanionyesha kofia ndogo za plastiki zilizofunika vichwa. “Hizi usizivue mpaka ukihitaji kichwa chenyewe. Vumbi halina adabu.”

Nilinunua tatu zilizofanana kabisa. Mmoja wangu, mmoja wa mkoba wa safari, na wa tatu nilikusudia kumpa Bwana Kufuli, ambaye Ijumaa alikuwa akisafiri kwenda kumwuguza dada yake aliyevunjika mguu.

Tarehe 4, Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi, nilimkuta stoo na kumkabidhi.

“Mwanangu,” aliniambia, “simu yangu ni ya vitufe. Vichwa vyote hivi vya nini?”

“Tafuta kinachokufaa, mzee wangu.”

Alivijaribu polepole, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Kilichoingia ni kile cha aina ya zamani, chembamba, ambacho mimi sina kifaa kinachokihitaji. “Basi hiki ndicho changu,” alisema. “Hivi vitatu ni vya wageni.” Tulicheka. Ili kukichomeka ilimbidi aivue kofia ya kichwa hicho. Jana niliamini kabisa kwamba aliitupa kwenye kapu la taka. Leo asubuhi, nikiwa njiani kuja hapa, nimemwona akilini mwangu akiitia mfukoni. Sijui ni ipi kati ya picha hizo mbili niliyoiona kwa macho.

Tarehe 8, Jumatatu, alirudi kazini. Alikuja mlangoni kwangu wakati nikisoma ripoti, akanieleza jambo kuhusu dada yake na ule waya. Nilijibu, “Vizuri, mzee.” Sikumsikiliza hadi mwisho, wala sikuinua uso.

Tarehe 9, Jumanne, saa nne na nusu asubuhi, nilikitoa kishikwambi katika kabati la chuma lililomo chumba cha takwimu. Kilikuwa na chaji asilimia tisa, nami nikakichomeka. Hapa ndipo kumbukumbu yangu inapopasuka vipande viwili. Katika kipande kimoja nimekichomeka mezani kwangu, chumba cha pili. Katika kingine nimesimama palepale chumba cha takwimu, karibu na dirisha, nikisogeza kiti ili waya wangu mfupi ufike. Saa sita kasorobo niliitwa kikaoni kwa haraka.

Saa tisa alasiri nilirejea. Kabati lilikuwa limefungwa. Nililifungua, kishikwambi hakikuwamo. Kwenye soketi iliyo karibu na dirisha kulikuwa na waya wa rangi ya machungwa wenye vichwa vinne.

Nilimwita mkuu wa kitengo. Aliniuliza kama nilikifungia kishikwambi kabla ya kwenda kikaoni, nikasema ndiyo. Jibu hilo nililirudia mbele ya askari jioni ileile. Nililisema kwa sababu ndivyo nifanyavyo siku zote. Sasa natambua kuwa nilieleza mazoea yangu, sikueleza tukio. Ufunguo wa kabati lile tunao wawili tu, mimi na Bwana Kufuli, kwa hiyo jibu langu liliwaacha wote wakimtazama yeye.

Mkuu wa kitengo aliutazama waya. “Huu si ule uliompa Kufuli?” aliuliza.

“Unafanana nao,” nilijibu.

Bwana Kufuli aliitwa. Alisema hakukanyaga chumba kile siku hiyo, na kwamba waya wake ameuacha kwa dada yake.

“Kwa dada yako!” alisema mkuu wa kitengo. “Waya wa zawadi, wa siku tano, umeshauacha? Mzee, hebu tuheshimiane.”

Bwana Kufuli alinigeukia mimi, si yeye. “Si nilikwambia jana, mwanangu?”

Nilisema sikumbuki. Hilo lilikuwa kweli kwa dakika ile. Baada ya hapo sikusema neno jingine. Kesho yake, saa mbili na nusu asubuhi, alichukuliwa na askari wawili mbele ya wafanyakazi wote. Katika maelezo ya mkuu wa kitengo, ambayo nimesomewa hapa, imeandikwa kwamba mimi “niliutambua” waya kuwa ni wa mtuhumiwa. Sikumsahihisha, kwa kuwa sikuwepo alipoyatoa. Sina hakika kama ningemsahihisha ningekuwepo.

Jana, saa kumi na mbili na nusu jioni, nikiwa nyumbani, nilitaka kuchaji simu, nikautafuta waya wangu. Haukuwamo mkobani. Niliumwaga mkoba wote kitandani, nikaurudishia vitu, nikaumwaga tena. Mdogo wangu alisimama mlangoni akiwa na taulo kichwani.

“Jana usiku ulichajia nini?” aliuliza.

“Chaja yako.”

“Na wako ulikuwa wapi?”

Nikamweleza habari za Bwana Kufuli, maana nilikuwa bado sijamwambia.

“Dada,” alisema, “waya umeuchagulia wiki tatu. Mzee wa watu umemchagulia dakika moja?”

Nilimwambia kwamba sikumchagua, nilisema tu unafanana. Alisema, “Haya,” akaenda zake. Sikulala vizuri.

Leo saa moja na nusu asubuhi nilifungua mkoba wa safari. Waya wa safari umo, ndani ya kiboksi chake, haujaguswa. Hivyo katika zile tatu nilizonunua, uliokutwa kwenye soketi ni wangu au ni wa Bwana Kufuli. Hata hitimisho hilo halikudumu. Nilipopita kwa fundi simu kumuuliza kama ameuza nyingine, alipiga makofi.

“Wewe ndiye tangazo langu! Wenzako wawili wa ofisini wamekuja, wanasema wanataka waya wa Daktari.”

“Ni akina nani?”

“Dada, mimi nauza waya, siandikishi wapiga kura.”

Kwa hiyo sijui.

Saa nne kasoro dakika tano, mbele ya afisa anayeandika maelezo haya, nimeonyeshwa kielelezo, waya wa rangi ya machungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Nimeomba kuugeuza bila kuufungua, nikaruhusiwa. Kichwa cha aina mpya, ambacho ndicho nikitumiacho mimi, hakina kofia na kina mchubuko mdogo. Kichwa cha zamani, kile pekee kinachoingia kwenye simu ya Bwana Kufuli, bado kimevaa kofia yake ya plastiki.

Nimemweleza afisa kwamba mtu aliyesafiri siku tatu akiwa na simu inayotumia kichwa hicho tu asingeacha kofia yake hapo. Papo hapo nimemweleza pia udhaifu wa hoja yangu. Inawezekana aliirudishia kofia, kwani yeye ni mtu wa kufunikafunika vitu. Inawezekana safarini aliazima chaja ya mwenyeji. Naogopa kwamba, kwa kutaka sana kurekebisha kosa langu la Jumanne, naona leo kile ninachotaka kukiona, kama vile Jumanne niliona kile nilichoonyeshwa.

“Kwa hiyo unasema si wa mtuhumiwa,” afisa ameniuliza.

“Nasema siwezi tena kusema kwamba ni wake.”

“Ni wako?”

“Huenda.”

“Mama, huenda haiandikiki.”

“Naomba iandikwe hivyohivyo.”

Ameniuliza kama ninaelewa maana ya ninachokisema. Ninaelewa. Kama waya ni wangu, basi nilikichomeka kishikwambi karibu na dirisha, nikaitwa kikaoni, nikakiacha nje ya kabati, na huenda mlango wa chumba pia sikuufunga. Kwa zaidi ya saa tatu mtu yeyote aliyepita koridoni angeweza kukichukua. Katika hali hiyo ufunguo wa Bwana Kufuli hauthibitishi chochote, na jibu nililolitoa mara mbili kwamba nilikifungia halikuwa na msingi. Ninaliondoa. Sisemi kwamba sikukifungia. Ninasema sikumbuki kukifungia, na kwamba nilipaswa kusema hivyo tangu Jumanne, saa tisa alasiri, wakati mzee amesimama mbele yangu akinitazama.

Nimeomba apigiwe simu dada yake mtuhumiwa, aulizwe kuhusu waya. Ningeweza kuomba hivyo juzi. Sikuomba kwa sababu palikuwa na watu wengi chumbani na wote walionekana kuwa na hakika, nami nikadhani hakika yao imetoka mahali fulani. Sasa nadhani ilitoka kwangu.

Haya ndiyo maelezo yangu, kwa kadiri kumbukumbu inavyoniruhusu. Nimesomewa, nimesahihisha mahali panne, nami nakiri kuwa yaliyobaki na mashaka yamebaki hivyo kwa makusudi.

Saini ya shahidi: (imetiwa)

MAANDISHI YA AFISA

Maelezo haya nimeyaandika mimi kwa mkono wangu na kumaliza saa tano na dakika tano asubuhi. Shahidi alikuwa na akili timamu. Alisita mara nyingi.

Nilipiga simu kwa dada wa mtuhumiwa mara mbili. Iliita bila kupokelewa. Nitaendelea kujaribu.

Kwa kuwa utambuzi wa kielelezo umeondolewa na aliyedaiwa kuutoa, mtuhumiwa ameachiwa kwa dhamana saa tano na dakika arobaini. Kishikwambi bado hakijapatikana. Shahidi ameelekezwa asisafiri tarehe 13 na aripoti hapa Jumatatu. Hakupinga.

Mtuhumiwa alipomaliza kurudishiwa mkanda na miwani yake alimkuta shahidi kwenye benchi la mapokezi. Alimuuliza kama amekula. Shahidi alisogea kumpisha. Mtuhumiwa akakaa pembeni yake.

Saini ya afisa: (imetiwa)