Moto Tuliokimbilia Kuuzima

Mjukuu wangu Somoe,

Huku wazima, na mama yako kamaliza kuokota korosho. Unauliza kama kampuni ya gesi ya wageni imetufaa au imetuumiza.

Nilipokuwa msichana tuliona moto mkubwa upande wa Mnazi Bay, tukadhani mikorosho inaungua. Kijiji kizima tukakimbia na matawi mabichi tukauzime. Kumbe wageni wanajaribu kisima chao cha gesi, wanaichoma makusudi! Wakatucheka, wakatupa maji baridi tunywe. Niliyanywa huku nimenuna.

Leo nikikaa kwenye feni, umeme wa gesi ile ukinipepea, nawashukuru. Nikiinama jikoni kupuliza kuni, maana gesi yenyewe haijafika jikoni kwangu, nanuna upya. Kwa hiyo ukija kuniuliza tena, mama, tazama kwanza umenikuta wapi.

Bibi yako