Ufunguo Uliolala na Mahindi

Jumatatu, 14 Julai 2025

Ufunguo wa gari umepatikana. Chini kabisa ya pipa, ndani ya mahindi niliyoloweka Alhamisi. Niliufunga mwenyewe kwenye pindo la khanga, nikainama kuyageuza mahindi, kumbe ukaponyoka. Siku zote hizi namsumbua Mtakatifu Antoni, mtafutaji wa vilivyopotea, na yeye ananitazama tu pale ukutani.

Kichwa cha plastiki cha ufunguo kimeachia, ndani ute mchachu. Binti yangu Asumpta kauanika kwenye jamvi pamoja na mahindi. Wapi. Gari linakohoa, haliwaki. Baba Valence kacheka, anasema bado kidogo tungekula ugali wa gari. Mimi nawaza Ijumaa. Mume wangu huyu atafikaje hospitali ya Peramiho kutolewa hogo, ile plasta ya mguu?

Ufunguo wa pili anao mwanangu Valence, huko Namtumbo. Asumpta anasema tumpigie. Nimekataa. Baba yake kaudai ufunguo ule tangu Pasaka, jibu ni lile lile, umepotea. Ikifika Jumamosi unaonekana. Anaondoka na gari, anarudi ananuka pombe ya komoni. Mwezi wa sita kaliingiza mtaroni, kona ya Maposeni. Asubuhi kaja anacheka, kioo kimepasuka. Tangu hapo simu ikilia nakaa chini kwanza, ndiyo napokea.

Jumatano, 16 Julai

Fundi wa funguo kaja hapa hapa Bombambili. Anaitwa Remmy. Kachomeka kikompyuta chake chini ya usukani. Anasema kwenye kichwa cha ufunguo kuna chipu, gari linaitambua, isipokuwepo haliwaki. Nikaelewa – kama mbwa na watu wa nyumbani.

Halafu akasema, "Mama, leta funguo zote za gari hili. Nikisajili mpya, za zamani nazifuta. Usiokuwepo hapa leo utafungua mlango tu, gari haliwaki."

Asumpta akafungua mdomo. Nikamkanyaga.

"Ni huo huo mmoja, baba. Huo ulioloa."

"Una uhakika? Watu huwa wanarudi kunilaumu."

"Sikulaumu. Futa."

Akafuta. Kabonyeza ule mpya, taa zikakonyeza, gari likawaka mara moja. Nimedanganya, najua. Lakini sijuti. Hata kidogo.

Jikoni Asumpta ananiambia, kaka atakuwa mkali. Nikamwambia ukali wake naujua, nimeunyonyesha. Baba Valence nimemweleza yote. Kauliza tu ule mpya uko wapi. Nikamwonyesha. Nimeuvaa shingoni na rozari. Khanga siiamini tena.

Ijumaa, 18 Julai

Peramiho tumeenda, tumerudi. Hogo limetoka, mguu umekuwa mwembamba kama mwiko. Asumpta kaendesha taratibu. Pale kona ya Maposeni sikuangalia mtaroni.

Jumamosi, 19 Julai

Valence kaja mchana na mkungu wa ndizi. Shikamoo mama, mrembo wangu. Akiniita mrembo najua kuna kitu. Kala vizuri, kamtania baba yake, eti huo mguu tuuloweke pamoja na mahindi unenepe. Tumecheka wote. Mwanangu akicheka nyumba inajaa.

Kisha kasimama. Anapita mara moja kwa wenzake, hachelewi. Nikamwambia kaa basi, chai iko jikoni. Iwekee kawa mama, nakuja.

Naandika hapa mezani ili mikono ipate kazi. Mlango wa gari umefunguka. Linakohoa. Haliwaki. Tena. Baba Valence kaongeza sauti ya redio. Tena.

Kimya sasa.

"Mama! Hili gari mmelifanya nini?"

Asumpta ananiangalia. Nimemwambia amimine chai, vikombe vinne. Viatu vya Valence vinakuja barazani. Ufunguo nimeutoa nje ya blauzi, auone kabla hajauliza.