Miche ya Iliki Kando ya Mfereji

Jumapili, 6 Februari 1949

Imeota! Siku sitini na mbili nimemwagilia debe la udongo mtupu, na kila mume wangu Shomari akirudi na lori ananiuliza kama udongo wangu umeshaiva. Leo asubuhi — vijiti vitatu vya kijani, vyembamba kama uzi. Iliki imeota Nkoaranga, huku mlimani, na aliyeiotesha ni mimi, Mwamvua binti Mikidadi. Shangazi alinitumia mbegu mbichi ndani ya maganda kutoka Muheza, nikazisugua kwa majivu mpaka ule utelezi ukaisha. Zile kavu za dukani zinafaa chai tu.

Elifuraha kaja kuona. Ndiye mke wa Aminiel, mwenye kihamba hiki, shamba la urithi la migomba na kahawa, na nyumba hii tunayokaa. Kainama, kanusa debe, kasema ananusa udongo. Nikamwambia asubiri miaka mitatu. Tukacheka. Watu wa huku mmea kwao ni ndizi na kahawa, basi. Nitawafundisha kunusa.

Mrehani umejaa madebe mawili. Giligilani inachanua. Shamari imegoma. Mlangilangi — mbegu kumi na moja, hakuna hata moja iliyotoa kichwa.

Jambo jingine sijamwambia Elifuraha. Mwezi wa pili huu sijaona siku zangu. Wawili waliotangulia hawakufika miezi mitano. Sitaki kuandika zaidi.

Alhamisi, 10 Machi

Miche tisa sasa, na debe limeibana. Jua la mlangoni linaunguza ncha za majani. Iliki inataka kivuli na ubaridi, na penye hayo ni pahali pamoja tu — chini ya migomba, kando ya mfereji, kule mwisho wa kihamba. Aminiel alishaniambia nilime popote penye nafasi.

Palikuwa na vichaka vitatu vya majani marefu mapana, magumu. Hayaliwi. Wala hayanukii — nilivunja jani nikanusa mara mbili. Kwetu kisicholiwa wala kunukia ni gugu. Nimeving'oa kwa jembe, mizizi yake rangi ya machungwa, nimevitupa korongoni. Kisha samadi, kisha miche yangu, mmoja mmoja kwa kijiko.

Mgongo unauma. Shomari angeniona na jembe katika hali hii tungegombana.

Jumatatu, 14 Machi

Mvua tangu jana. Elifuraha alikwenda mferejini kuteka maji, akarudi na ndoo tupu. Akasimama mlangoni pangu. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama nimeona mtu yeyote kule mpakani. Masale hayapo.

Nikauliza masale ndiyo nini. Akanieleza. Ni yale majani. Baba yake Aminiel aliyapanda kwa mkono wake kabla ya kufa: kulia kihamba cha Aminiel, kushoto cha mdogo wake Philemoni. Isale halina hati wala halihitaji. Hang'oi mtu. Na mtu akikosana na mwenzake hata kwa damu, akimletea jani la isale, yule akilipokea mkononi amesamehe, hana njia nyingine. Na kumbe linanukia! Likitoa ua, asema, harufu yake hufika mpaka barabarani.

Nilipaswa kusema palepale. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Nikasema, "Mimi nilikuta pako wazi, dada, ndiyo maana nikapanda."

Akaniamini! Haikumjia hata kidogo akilini kwamba mtu mzima anaweza kung'oa isale bila kujua ni nini. Kwake yeye aliyeng'oa alijua, na alikusudia.

Ijumaa, 18 Machi

Nimemwambia Shomari. Kwanza alicheka. Alipoona silii wala sicheki akaweka kikombe chini. Amesema ninyamaze. Tukisema tutatimuliwa humu katika mvua hii, na miguu yangu haiwezi kupanda kilima na mzigo. Nikamwambia wanasema aliyeng'oa isale hupatwa na laana. Akasema sisi Waislamu, hayo hayatuhusu, dua la kuku halimpati mwewe.

Sawa. Lakini mwewe hapa ni nani? Mimi ndiye niliyefukua cha watu.

Jumapili, 20 Machi

Walipotoka kanisani Philemoni alikuja. Ni mrefu kuliko kaka yake, mpole wa sura. Hakumwamkia Aminiel. Alisimama mbele ya miche yangu, akayaona yale mashimo niliyofukia vibaya, akaenda hadi ukingo wa korongo akatazama chini. Masale yapo kule, yamenyauka, mizizi juu.

Alisema maneno machache tu, kwa Kimeru, na Elifuraha akanieleza baadaye. Kwamba kaka yake amengojea mama yao azikwe ndipo autamani mfereji. Aminiel akamjibu kuwa hata mbwa hawezi kumshtaki kwa jambo hilo. Nilikuwa nimesimama hapo hapo na kopo la kumwagilia. Wote wawili waliniamkia kwa adabu.

Jumatano, 23 Machi

Shomari, Shomari, nani alikutuma?

Kumbe alikata isale mahali huko njiani, na alfajiri kabla ya kwenda kuwasha lori akalipanda mpakani. Alidhani anatibu. Na kwa kunihurumia, asije akaharibu miche yangu, hakulipanda kwenye mashimo ya zamani — kalisogeza ng'ambo ya mgomba. Hatua tatu. Ndani ya kihamba cha Philemoni.

Saa mbili asubuhi Philemoni ameliona. Sasa hana shaka tena. Kaka yake amelihamisha isale la baba yao na kulitia upande wake, mchana kweupe. Hakupiga kelele. Alikwenda kuchukua panga, akaangusha migomba mitatu ya Aminiel yenye mikungu, akaipanga vizuri njiani kama mtu anayetandika.

Alhamisi, 24 Machi

Aminiel amekata kahawa ya Philemoni. Mibuni sita, kwenye shina. Mwanamume mzima nimemwona akilia huku anakata. Hapa mtu hukaa na mbuni mmoja miaka ishirini na tano akiupogoa kama anayemnyoa mtoto.

Jioni mshili alikuja, yaani mkubwa wa ukoo wao, na wazee wanne. Walipima kwa hatua. Walivuta isale la Shomari likatoka bila shida, mizizi haijashika, wakatikisa vichwa. Aminiel ndiye aliyesema neno lenyewe. Kwa kuwa hamniamini, leteni chungu.

Wazee wakatazamana. Hata mvua niliisikia vizuri.

Jumapili, 27 Machi

Elifuraha kanieleza habari ya chungu, sikumwuliza. Hupigwa mpaka kipasuke, na wanapopiga hutaja kosa: aliyeng'oa, aliyehamisha, aliyejua akanyamaza. Laana impate yeye na uzao wake. Hawataji jina. Jina litajitafuta lenyewe. Kabla hakijapasuka mtu anaweza kujitokeza na jani mkononi, na wazee wakasimamisha. Kikishapasuka hakuna msamaha, hata aliyekivunja hawezi kukiunga.

Mchungaji leo amewaonya madhabahuni, asema: atakayekwenda kwenye chungu asije mezani pa Bwana. Ndugu wote wawili walikaa benchi moja, huyu mwisho huu na huyu mwisho ule, wala hakuna aliyetikisika. Siku ni Jumamosi, pale pale mpakani.

Aliyeng'oa. Aliyehamisha. Aliyejua akanyamaza. Nyumba yetu ina watu wawili na makosa matatu, na wa tatu yumo tumboni na hana lake.

Naswali. Nasema astaghfirullah mpaka ulimi unakauka. Najua chungu ni udongo tu. Udongo nimeushika maisha yangu yote, najua unavyoweza kukaa kimya siku sitini na mbili.

Jumanne, 29 Machi

Shomari amepakia kahawa ya kwenda Tanga. Nilimshika mkono dirishani mwa lori nikamwambia twende kwa mshili leo, mimi na wewe. Akasema akirudi. Asema Philemoni akisikia ni sisi atakuja na panga lile lile, na mimi siwezi kukimbia. Hilo ni kweli. Basi lori likaondoka.

Miche inastawi. Majani manne manne, ya kung'aa. Debeni haikuwahi kuwa hivi. Nilikwenda kuing'oa kwa hasira nikaishia kuipalilia.

Jumatano, 30 Machi

Elifuraha kaniletea mtori wa ndizi na nyama. Kumbe amejua siku nyingi. Asema mwanamke anayekataa harufu ya kahawa na kula udongo wa debe hana cha kuficha. Akaniwekea mkono tumboni, akaniambia huyu atafika, amemwombea.

Kisha akaniomba. Jumamosi nisimame mbele ya wazee. Mimi mgeni, sina ukoo huku, sina upande, na nashinda mferejini kutwa na miche yangu. Niseme tu sikumwona Aminiel aking'oa. Philemoni mwenyewe amekubali. Asema, "Yule mama wa Pwani akiapa mbele ya chungu kwamba ameeleza yote anayoyajua, mimi nitamwamini, na nitampa kaka mkono."

Watapatana basi! Kwa maneno yangu. Na ni kweli sikumwona Aminiel aking'oa. Ni kiapo kile cha mwisho tu, cha kueleza yote.

Nimekubali. Sijui ni nani aliyekubali, ila sauti ilikuwa yangu. Elifuraha aliniinamia akalia kwa furaha, na mtori ukapoa.

Ijumaa, 1 Aprili

Tone moja la damu. Moja tu. Nimelala chali tangu adhuhuri. Mara ile ya kwanza nayo ilianza hivi, na mara ya pili.

Jumamosi, 2 Aprili

Halijaongezeka. Alhamdulillahi.

Shomari hajarudi. Dereva mwenzake amepita kusema lori limezama matopeni ng'ambo ya Moshi. Basi ni mimi peke yangu.

Tangu asubuhi watu wanapita hapa kwenda mferejini. Hawazungumzi. Wazee wawili wamebeba chungu, kimefunikwa jani la mgomba. Ni kidogo, cha kupikia mboga. Nilidhani kitakuwa kikubwa. Wamekanyaga kitalu changu kupita, miche yote tisa, wala sikushtuka. Philemoni yuko huko na panga kiunoni, lakini ndivyo wanavyotembea wote.

Nilikwenda nyuma ya nyumba ya Elifuraha nikakata jani la isale kwa kisu cha jikoni. Nimelifutika ndani ya khanga. Nikilitoa mbele ya wazee sitahitaji kusema mengi. Nisipolitoa hakuna atakayejua. Naandika ili nione mkono wangu unaelekea wapi, nao unaandika tu.

Elifuraha kaja kunichukua. Kavaa gauni la kanisani. Nimemwambia namalizia mstari. Kakaa kwenye kigoda, ananituliza — nisiogope, ni kusema kweli tu, na kweli haijamuua mtu. Nimeinama kuokota kalamu, khanga ikalegea. Ncha ya jani imetoka. Ameiona.

Katazama jani, katazama kucha zangu zenye udongo, katazama nje kwa mumewe. Nadhani anahesabu siku. Ile ya mferejini, ile ya mtori.

Nimelitoa. Nimemwekea mapajani kwa mikono miwili, kama alivyonieleza mwenyewe kwamba ndivyo wafanyavyo. Liko pale juu ya gauni lake. Hajalishika. Mikono yake yote miwili ameifungia kwapani.

Nje wamemwita Aminiel, ameitika. Sasa wananiita mimi.