Kalkuleta Tatu na Shamba la Kabiria

Jumatatu, 20 Machi 2006

Mvua tena Kabiria. Tumepima hadi mchana, buti zimejaa tope. Kalkuleta yangu imekufa. Maji yaliingia kwenye mkoba, skrini ikaonyesha mistari, ikazima. Nikatoa betri, nikaipangusa, nikaipuliza kama mjinga. Wapi! Programu ya kukokotoa vipimo vya shamba niliiandika mwenyewe nikiwa chuoni, mstari kwa mstari. Imekufa nayo. Nimekasirika hadi chakula hakipiti.

Na kazi yenyewe si ya mchezo. Mama Wairimu ni mjane. Shemeji yake, Karanja, ndiye jirani. Anadai jiko la mama huyo liko kwenye shamba lake, libomolewe. Mimi ndiye nimetumwa kupima mpaka. Ijumaa wote wanakuja ofisini kusikia jibu.

Jumanne, 21 Machi

Bwana Mutiso, bosi, kanitolea kalkuleta ya kawaida kabatini, kama zile za watoto wa sekondari. Ina kitufe chake cha kuingiza pembe kwa digrii, dakika na sekunde, hapo naishukuru. Lakini haikumbuki kitu. Kila upande wa shamba naanza upya. Sine, andika kando. Cosine, andika kando. Simu ikilia, nimepotea.

Nimefika mwisho na hesabu imekataa. Bikoni ya nyuma ya jiko, ile nguzo ya mpaka, kwa vipimo vyangu imeingia hatua mbili kubwa zaidi upande wa mjane kuliko ramani ya zamani inavyosema. Tukifuata bikoni, jiko ni la kubomolewa. Tukifuata ramani, liko salama kabisa.

“Njeri, umekosea kubonyeza,” Mutiso akasema. “Rudia.” Karatasi hakuitazama.

Nimerudia. Ni vilevile.

Jumatano, 22 Machi

Jana jioni nilipitia Riruta kwa binamu yangu Kibe, nikaazima ile kalkuleta yake ya grafu. Dude zito, skrini pana. Leo imeniharibia asubuhi yote. Shamba lilichoreka limejikunja kama utumbo. Wekesa, mwenzangu wa ofisini, alicheka mpaka akaita watu. Kumbe Kibe aliiacha kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe, na kuirudisha kwenye digrii ni kuzama menyu ndani ya menyu. Hakuna aliyenionyesha. Nilibonyeza nikitukana kimoyomoyo.

Ilipokubali, lakini, niliipenda. Vipimo vyote vimekaa safu moja. Ukikosea kimoja, unarekebisha hicho tu. Na inakuchorea shamba, unaliona. Pembe zote zimelala juu ya ramani isipokuwa moja. Ile ile.

Sasa naogopa. Mashine mbili zikisema neno moja, huenda mkosaji ni mimi, kule kule shambani, kwenye mvua.

Alhamisi, 23 Machi

Nimemwomba Wekesa kalkuleta yake. Hampi mtu. Haina hata kitufe cha sawasawa: unaweka namba kwanza, kisha unaiambia ifanye nini. Anajivunia hiyo kama gari. Akakubali kuingiza vipimo mwenyewe. Mbio sana, vidole vinaruka. Nilisimama nyuma yake nikimchukia.

Akaacha kubonyeza. Akarudia toka mwanzo.

“Hata yangu inasema hivyo.”

Tukaenda wote kwa Mutiso. Yeye ameshachoka. Karanja anampigia simu kila saa. Alisema atafuata bikoni ilivyosimama, aweke sahihi, tufunge faili.

“Bikoni imehamishwa,” nikasema. “Pembe nyingine zote zinakubaliana na ramani.”

“Utathibitisha?”

“Nipe mashine ya kupimia na Wekesa kesho asubuhi.”

 

Ijumaa, 24 Machi

Tumeenda mapema. Nilibeba ile ya kawaida. Ya grafu naionea huruma kwa mvua, ya Wekesa siijui. Kwa kutafuta pointi moja tu ile ya watoto inatosha, tena haiogopi tope.

Pointi ya ramani iliangukia kwenye majani ya ng'ombe ya Karanja. Tukachimba. Jembe likagonga zege. Kitako cha bikoni ya zamani, chuma kimekatwa juu. Ile bikoni ya nyuma ya jiko Wekesa aliitikisa kwa mkono mmoja, ikacheza kama jino bovu.

Karanja akaja mbio. “Nani amewaruhusu kuchimba kwangu?”

Mama Wairimu alitoka jikoni, unga mikononi. Akachungulia shimo. Akakaa chini pale pale, kwenye nyasi zilizolowa.

“Hapo ndipo ilikuwa,” akasema. “Nilisema. Mkaniambia nimezeeka.”



Mchana ofisini Karanja alilaumu vibarua waliomlimia, eti hajui walichofanya. Hakuna aliyemwamini. Mutiso aliamua ramani ndiyo inafuatwa, bikoni irudishwe mahali pake, na Karanja akakubali kwa shingo upande. Jiko linabaki. Mama Wairimu alinishika mkono muda mrefu. Nilitaka kulia, nikajifanya natafuta kalamu.

Mutiso ameweka sahihi yake.  Mbele ya wageni akasema, “Tulishuku tangu mwanzo.” Tulishuku! Nilitamani kumrushia kitu.

Jumapili, 26 Machi

Kanisa, kisha Kenyatta Market kusukwa nywele. Harufu ya nyama choma inaingia mpaka kwenye nywele. Mvua imeacha. Dada anayenisuka ni mgeni pale, mkono wake mwepesi. Akauliza nafanya kazi gani. Nikamwambia napima mashamba.

“Si hiyo ni hesabu tupu?”

“Ni hesabu.”

“Na unaiweza?”

Kichwa kilikuwa kimeinama, sikumwona uso.

“Naiweza,” nikasema.

Akaendelea kusuka.