Mikono ya Nduku Haifungwi Tena

Jericho, Jumanne, Julai 1989

Baridi ya leo inauma. Jua halikuonekana siku nzima. Sijutii nilichofanya, na ninaandika sasa kabla mtu hajanishawishi nijute.

Binti yangu Nduku ni kiziwi. Ana miaka saba. Katika shule yao ya viziwi mwalimu huwaamuru watoto wakalie mikono yao, ati wakizoea ishara hawatajifunza kusema. Nyumbani mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Mwaitu, humchapa vidole. Kila niliyemuuliza alisema hiyo ndiyo njia.

Kila mtu wa hapa, yaani.

Ofisi ninayofanyia kazi mjini, ya utafiti wa mbegu, ina kompyuta inayopiga simu ng'ambo. Inalia kama paka aliyekanyagwa mkia, kisha inaleta majadiliano ya watu wa nchi nyingi, yamepangwa kwa vikundi: kilimo, hesabu, muziki. Ni kama ubao wa matangazo ambao yeyote anabandika neno lake na mwingine anamjibu chini yake. Kuna programu maalum ya kuyasomea. Inakuonyesha ujumbe ambao hujausoma, unabonyeza kitufe, unakuja mwingine. Kazi yangu ni kuchapisha yale ya mahindi na kumpelekea Bwana Gichuhi, mkubwa wangu.

Mwezi uliopita, nikishuka kwenye orodha ya vikundi, niliona kimoja cha watu wenye ulemavu. Nikakifungua. Nikaandika habari za Nduku kwa Kiingereza changu cha ofisini, nikauliza: nikimwacha atumie mikono, nitakuwa nimemharibu?

Siku kadhaa, kimya. Kisha majibu yakaja. Wengine walikubaliana na mwalimu. Lakini bwana mmoja wa Kanada, kiziwi tangu kuzaliwa, aliniandikia kwamba naye alikalishwa juu ya mikono yake utoto wote. Hakujifunza kusema. Alijifunza tu kukaa peke yake. "Watafute viziwi wakubwa wa mji wenu," aliniambia. "Hao ndio wa kuuliza."

Nililia pale pale, karatasi za mahindi mapajani.

Nikawatafuta. Huko Pumwani, Majengo, yuko fundi wa cherehani, Bi Zuhura, naye hasikii. Jumamosi nilimpeleka Nduku. Kumbe mtoto alikuwa na ishara alizofundishana na wenzake kwa siri. Walizungumza kwa mikono mpaka chai ikapoa. Sikujua mwanangu ana maneno mengi hivyo!

Leo Bwana Gichuhi amegundua, baada ya kukuta jibu la yule bwana wa Kanada kwenye kompyuta.

"Bi Mwende, mashine hii ililetwa kwa kazi ya mbegu. Na nyakati hizi unaandikia watu wa nje usiowajua? Unataka watu wa serikali watujie hapa?"

"Nimeandika habari za mtoto, Bwana Gichuhi. Mtoto si siasa."

"Ukirudia, kazi huna."

Akaketi, akakiondoa mwenyewe kile kikundi cha wenye ulemavu kwenye orodha ya programu, mimi nikimwangalia.

Alipotoka kwenda kula, nikakirudisha. Nikamwandikia yule bwana: "Mikono ya Nduku haifungwi tena." Nikatuma.

Jioni tulipokuwa tunakula, Nduku akaanza kusimulia kwa mikono. Mwaitu akainua mkono wake. Nikaushika. Sijawahi kumgusa mama mkwe wangu hivyo.

"Hapana, Mwaitu. Nakuheshimu, lakini hapana."

"Unanishika mkono, Mwende? Kwa ajili ya wazungu wa kwenye mashine?"

"Kwa ajili ya Nduku. Hebu mwangalie anachosema."

Musyoka, mume wangu, aliacha kutafuna. Nilijua atanifokea. Akasema polepole, "Mama, hebu tumwangalie."

Nduku akatuonyesha. Mbwa, hapo kwenye bucha ya sokoni. Matumbo yanamning'inia mdomoni. Mwenye bucha anamfukuza na kisu, anateleza kwenye matope, anaketi, kofia inamfunika macho. Mwaitu alicheka kabla hajakumbuka kwamba amekasirika. Kisha akamtazama mjukuu wake, na hakumchapa.

Bado hajanisemesha. Sawa tu.

Huenda Bwana Gichuhi akafungua ile programu akakuta kikundi kimerudi. Na akikute. Nitaendelea kukisoma kila anapotoka, mpaka siku atakayonifukuza.

Kesho nitapitia shuleni kwanza. Nitamwambia mwalimu Nduku hatakalia mikono yake tena. Akikataa, nitamtoa, akae kwa Bi Zuhura nikimtafutia shule nyingine. Naogopa, sitajidanganya.

Lakini naenda.