Anayeitwa Akizinduka

Nyumba ya kona, ghorofa ya pili
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Dada Mkubwa,

Hujambo wewe, na shemeji, na wanangu? Mgongo wako umepata nafuu? Huku tunapumua, ingawa si kwa raha.

Mdogo wetu Kasuku ameanza kuanguka. Unaikumbuka homa ya ubongo iliyomlaza hospitali mwaka jana? Tulidhani yamekwisha. Mwezi uliopita alikuwa anamenya viazi, mara akakodoa macho, mwili ukakakamaa, akaanguka sakafuni akitetemeka. Nilimlaza ubavu, nikamwekea shuka chini ya kichwa. Alipozinduka akanitazama usoni, akauliza, "Dada Mkubwa yuko wapi?"

Nilimfuta mate. Dada, iliniuma.

Daktari anasema ni kifafa. Mama akabisha, "Lakini homa si ilipona?"

"Homa ilipona, mama, ila ubongo ulivimba. Uvimbe ule ukaendelea kuzichokoza seli za ubongo chini kwa chini, mpaka zikawa zinashtuka ovyo. Zikishtuka nyingi kwa pamoja, ndipo anaanguka."

Akaandika vidonge, akaonya asikose hata siku moja.

Hapo ndipo penye kazi. Nikimpa mimi, anavitema. Ukipiga simu wewe, anavimeza huku anacheka. Juzi Mama aliwaambia majirani kwamba sauti yako ndiyo dawa yenyewe. Mimi nimesimama papo hapo, nimetoka kupiga pasi nguo za watu kutwa nzima, mikononi nina mashuka aliyoyakojolea. Nilitamani kuitupa ile simu dirishani.

Nakuonea wivu, sikufichi. Wewe unapendwa ukiwa mbali. Mimi nimekuwa kama kabati la humu ndani.

Jumanne hukupiga. Akakataa vidonge, jioni akaanguka bafuni, akapasuka kidevu. Alipokuwa akishonwa alinibana vidole mpaka vikafa ganzi, naye anakuita wewe.

Kwa hiyo, tafadhali, piga kila asubuhi kabla sijaenda kazini. Zungumzeni mpendavyo. Simu nitamshikia mimi sikioni, na maji ya kumezea nitampa mimi.

Msalimie shemeji, na Kibonge mwambie mama mdogo amemkumbuka. Mama naye anakusalimu, kama kawaida yake, kabla hajanisalimu mimi. Mungu akulinde huko, akupe afya na sauti isiyokauka.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikinuna,
Mpiga Pasi