Ugali Uliovuka Lukwangule

Jumapili, jioni. Huku upande wa Matombo jua limewaka kutwa nzima, utadhani ukungu wa jana tuliuota. Miguu yangu imo kwenye beseni la maji ya moto na chumvi, na leo najisifu. Asiyependa majigambo afunge ukurasa huu mapema.

Mama amevuka Lukwangule, uwanda ule wa juu ya milima ya Uluguru, kwa miguu yake. Na amevuka akiwa ameshiba.

Kwa wasioujua mkasa: Mama ni mzaliwa wa Mgeta, na dada yake, Mama Mkubwa Agnesi, aliolewa huku ng'ambo ya mlima. Walipokuwa wasichana walipanda pamoja na kushukia upande huu kutembelea ndugu. Siku hizi mtu anazungukia Morogoro mjini kwa gari, na mguu wa Mama Mkubwa haumruhusu tena kwenda popote. Hawajaonana tangu msiba wa bibi. Mwaka huu Mama akatangaza kwamba anakwenda kumwona dada yake, tena kwa njia ile ile ya ujana wao, maana mwakani magoti huenda yakakataa.

Kaka yangu Deo hakutaka kusikia. Tulibishana naye mpaka akachoka, akakubali kwa sharti: Mama asibebe chochote zaidi ya fimbo. Mwongozaji wetu, Festo, angebeba hema na mablanketi. Chakula chote cha watu watatu kingekaa mgongoni kwangu. Mzigo huo ukinishinda, Mama anapanda gari, basi.

Wapanda milima wa mitandaoni wanakula chokoleti na vyakula vya pakiti vya kumwagia maji. Mama hawezi kuita hicho chakula. Kwake yeye, asiyekula ugali hajala, hata kama ametafuna tangu asubuhi. Namjua: akikosa ugali siku ya kwanza, ya pili anakaa chini na hainuki. Lakini ugali unataka sufuria kubwa, moto wa maana na mkono wa kusonga, na kule msituni ni hifadhi, kuni haziwashwi. Mimi nilikuwa na jiko la gesi la kukaa kiganjani na mtungi wake mdogo wa kuhurumia.

Ndipo nikafanya jambo ambalo mtaa wetu wa Kihonda bado unalicheka. Nilipika ugali, nikaukata vipande vyembamba, nikauanika juu ya bati la nyumba, halafu nikaupeleka mashineni ukasagwe. Msagaji aliangalia ndoo, akaniangalia mimi. "Dada, nimesaga mahindi, mtama, muhogo. Ugali sijawahi."

Wa kwanza uliota ukungu kwa sababu ya pupa yangu na mvua ya jioni moja. Kuku wa jirani wenyewe waliupita. Wa pili niliusubiri hadi ukawa unavunjika kama kigae. Unga wake ukiumwagia maji yaliyochemka, ukafunika, ukakoroga kidogo tu, ugali umesimama. Nilicheka peke yangu jikoni. Kuanzia hapo hakuna kilichopona: karoti, kabichi, njegere za Mgeta, maharage yaliyopikwa yakapondwa. Dagaa nilikaanga nikasaga na karanga. Bati letu liligeuka genge.

Ijumaa asubuhi naunyanyua mzigo, haunyanyuki.

Nikafungua. Mama alikuwa ameingiza sukari, miche ya sabuni, mafuta ya kula na doti ya khanga. Nilikasirika, siwezi kuficha. Yeye akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa mwanangu, nitaingiaje kwa dada yangu mikono mitupu?" Katika makala zote nilizosoma kuhusu chakula chepesi cha safari, hakuna hata moja iliyopima uzito wa zawadi.

Deo alijaribu begi kwa mkono mmoja, akalirudisha chini. Akasema usijali Mama, nitakupeleka mimi mwenyewe mpaka mlangoni kwa gari. Hakusema kwa ubaya. Mama alikuwa anatazama raba mpya alizokuwa amevaa kwa ajili ya safari.

Zile raba ndizo zilizoniamsha akili. Sukari na sabuni ziko kwenye kila duka huku. Kisichokuwepo kwenye joto hili ni vitu vya Mgeta, na mboga mbichi zikifika huku zinakuwa zimeshachoka. Nikatoa sukari, sabuni na mafuta. Nikaacha khanga, nikaongeza mfuko mzima wa njegere zangu kavu, nikamwambia hiyo ndiyo zawadi. Mama akanung'unika kwamba dada yake anapelekewa vitu vilivyonyauka. Deo akanyanyua begi tena, akalishika kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akalipakia kwenye gari na kutupeleka Mgeta hadi barabara ilipoishia.

Usiku wa kwanza baridi ilikuwa haina adabu. Nilifunua sufuria nikaisogeza katikati yetu. Mama akamega tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba, akachovya, akatafuna. Halafu akamega lingine, na lingine, mpaka nikaona Festo anaanza kuhofia fungu lake. Mwisho akanawa, akajinyoosha. "Nimeshiba," akasema, kama mtu anayekubali deni.

Jana, kule juu kwenye majani marefu, ukungu ulitufunika na bado yeye ndiye alikuwa mbele. Kila tulipokula begi langu lilipungua, na kila lilipopungua niliona fahari. Nilifurahi mpaka nikaogopa.

Leo mchana tumefika. Mama Mkubwa alikuwa amekaa kizingitini anachambua mchele. Mama, mwenye wajukuu wake, akaweka fimbo chini, akapiga goti: "Shikamoo, dada." Mama Mkubwa akamvuta kifuani. Kilichofuata kilikuwa Kiluguru cha mbio na machozi, nami nikaenda kutazama migomba.

Njegere zimepikwa kwa tui la nazi. Mama Mkubwa amekula, bakuli mapajani, akaomba tena. Zilizobaki bila kupikwa amezifunga kwenye pindo la khanga yake mpya, wajukuu wasizione.

Muda mfupi uliopita Deo amepiga simu. Ameomba radhi, jambo la nadra, na kusema Jumatano anakuja na gari kutuchukua. Kwenye kona ya ua tayari kuna zawadi zetu za kurudi nazo: nazi, mikungu ya ndizi na fenesi la kubebwa na watu wawili. Mama aliniomba simu.

"Lete gari, baba, lichukue mizigo. Sisi tunarudi kwa miguu."

Nimebakiwa na unga wa mlo mmoja. Kesho alfajiri naomba sufuria, nasonga, na jua likitoka napanda juu ya bati la Mama Mkubwa kuanika ugali wa safari ya kurudi.